Ulimpima Nani?

Yotamu Kalinga alianza na milango. Laiti angebaki huko huko kwenye milango, hata kama hakuuza mmoja, nyumba ile isingepata yaliyoipata.

Alikuwa amerudi likizo ya Desemba kutoka Mbeya, kidato cha tatu, mwaka wa sabini na tano. Mwalimu wao wa ufundi alikuwa amewaambia kila mmoja achague kitu kimoja cha kutengeneza na kuuza, akifanye likizo nzima, na Januari aje aeleze nani alikinunua na kwa nini. "Kujitegemea si wimbo wa paredi," mwalimu alisema. Wenzake wakachagua maandazi, wengine kuku. Yotamu alipofika nyumbani, kijiji kipya juu kidogo ya barabara kuu, safari fupi kabla ya kufika Ilula, alikuta sukari haijaonekana dukani tangu mavuno na kuku wa mama yake wamekufa wote kwa kideri. Nyanya zilikuwepo, lakini nyanya ni za akina mama. Kijana wa sekondari akimbize lori na kopo la nyanya mkononi? Wangemcheka mpaka Iringa mjini.

Basi akachagua milango, na hesabu yake haikuwa mbaya. Watu walihamishiwa pale mwaka uliotangulia, nyumba zikasimamishwa haraka haraka, na karibu kila nyumba ilikuwa na gunia tu mahali pa mlango. Mama yake, Lea, akauza mbuzi jike aliyebaki, akanunua mbao za paini. Mlango wa kwanza ulikuwa wa nyumba yao wenyewe, ili watu wauone.

"Baba, njoo usimame hapa," Yotamu aliita.

Mzee Filemoni alitoka taratibu. Alikuwa na kifua kikuu, lakini alikuwa anapona. Kila asubuhi alitembea hadi zahanati kudungwa sindano, na kila wiki mkanda wake ulirudi tundu moja nyuma, mwili ukijaa. Alisimama wima kizingitini. Yotamu akachukua ufito wa mlanzi, mwanzi wa kwao, akausimamisha kisiginoni kwa baba yake, akaukata alama kwa kisu pale utosi ulipofika.

"Unanipimia nini wewe?"

"Mlango. Nataka mlango ambao baba yangu hatainama akiingia kwake."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Nimewainamia wazungu, nimewainamia wa halmashauri, leo mwanangu hataki niinamie nyumba yangu!" Na alifurahi, jamani, alifurahi kweli. Jirani zao walimsikia akimsimulia jambo hilo kila aliyepita.

Mlango ulitoka mzuri. Watu walikuja, wakaufungua, wakaufunga, wakausifu, wakaenda zao. Aliyesema ukweli ni balozi wao wa nyumba kumi, Jailos, mtu mrefu mkavu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Mlango mzuri, mwanangu," alisema. "Lakini wakija tena na malori watuambie tuhame, mlango nitaubeba mgongoni? Gunia nalikunja naweka kwapani."

Hapo biashara ya milango ikafa.

*

Wiki ile ile mke wa mzee Danieli alifariki kwa malaria. Danieli alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti moja na heshima nyingi. Alitaka mkewe azikwe ndani ya sanduku, Kikristo, kama mke wa mchungaji alivyozikwa. Mbao zikaagizwa Iringa. Mvua ikanyesha, lori likakwama mahali fulani njiani ambapo hakuna aliyepajua, na watu wakakaa wakisubiri. Maiti haisubiri. Mwisho wakamfunga mkeka, wakamzika.

Danieli alilia mbele za watu, na hakikuwa kile kilio cha msiba tu. "Nimemfunga mke wangu kama mzigo wa kuni," alikuwa akisema.

Yotamu alikuwa amesimama pale na koleo mkononi. Ndipo wazo lilipomwingia, na sisemi lilikuwa wazo la kijinga. Mbao anazo, wala hakuna aliyekumbuka kumwomba. Randa na msumeno anavyo. Kwa nini watu wangoje? Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba fundi hodari bidhaa yake humngoja mteja, si mteja angoje bidhaa. Angetengeneza sanduku moja, aliweke tayari, na siku ya shida mwenye shida angekuja kulichukua na kushukuru.

"Sanduku la nini?" mama yake aliuliza. Alikuwa akichambua mboga za maboga.

"La kuzikia, mama."

Lea aliacha mboga. "Nani amekufa?"

"Hakuna. La akiba."

"Akiba!" Alimtazama mwanawe usoni kuona kama anatania. "Akiba ni unga, Yotamu. Akiba ni maharage. Kile kitu hakiwekwi akiba. Nani mwenye akili atakuja kununua? Si biashara ya kufanywa na mtoto wa shule, tena mwenye baba mgonjwa. Tafuta nyingine."

"Nyingine ipi, mama? Nitajie."

Lea alirudia mboga zake. Kesho yake akaenda shambani na mapema, maana magugu hayasubiri, na mzee Filemoni akaenda kudungwa sindano. Yotamu akabaki peke yake nyuma ya nyumba na mbao zake.

Sasa hapa ndipo alipokosea. Kwao, mtu akifariki, fundi humpima kwa ufito, na ufito ule haurudi nyumbani kamwe. Unawekwa kaburini pamoja na mwenyewe. Yotamu alikuwa ameliona jambo hilo tangu utoto. Lakini siku ile hakuwa na maiti mbele yake, alikuwa na mbao tu, na alihitaji urefu wa mtu mzima wa kawaida. Alitazama huku na huku. Ule ufito wa mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, una alama tayari. Akauchukua. Hakuwaza zaidi ya hapo, na ningependa kusema aliwaza, lakini hakuwaza.

Alifanya kazi hadi jua la adhuhuri. Misumari ilikuwa ya zamani, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Pembe zikakaa sawa. Hata mwalimu wake angeshika kidevu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ufito akauacha ndani ya sanduku, akaenda mtoni kunawa.

Aliporudi alimkuta baba yake amesimama pale.

Mzee Filemoni alikuwa ameuokota ufito. Aliusimamisha kisiginoni kwake, akapandisha mkono polepole kuufuata, mkono ukafika kwenye alama, na alama ikawa pale pale utosini. Akakaa hivyo, mkono kichwani, akamwangalia mwanawe.

"Yotamu. Huu si ule wa mlango?"

"Ndio, baba. Ulikuwa karibu tu, nikau..."

"Haya," mzee alisema. Akaulaza ufito ndani ya sanduku taratibu, pale ulipokuwa, akaingia nyumbani.

*

Asubuhi hakutoka kitandani. Lea alimwekea maji ya kunawa, yakapoa. Akamwekea uji, ukafanya ngozi.

"Baba Yotamu, sindano."

"Sindano ya nini sasa? Mtu aliyekwisha kupimwa hadungwi sindano."

Lea alitoka nje akaenda nyuma ya nyumba. Alikuwa ameliona lile sanduku jioni, akanuna, akadhani shida ni ile ya mbuzi wake aliyegeuka mbao za bure. Sasa aliuona ufito. Alimwita Yotamu kwa sauti ndogo sana, na sauti ile ndogo ilimtisha kijana kuliko kama angepigiwa kelele.

"Umempima baba yako akiwa hai?"

"Nilimpima kwa ajili ya mlango, mama. Wewe mwenyewe uliona!"

"Niliona. Na hili je, ni mlango?"

Yotamu alikimbia hadi zahanati. Dresa, mhudumu wa zahanati, kijana mmoja wa Njombe asiyekuwa na muda wa maneno mengi, alikuwa akichemsha sindano juu ya jiko la mafuta. Alimsikiliza bila kugeuka.

"Mwambie mzee sindano hizi hazikatizwi," alisema. "Akikatiza, kifua kinarudi, na kikirudi dawa hii haikiwezi tena. Hayo mengine ya fito mimi siyajui. Mlete."

Mlete! Utamletaje mtu mzima asiyetaka? Siku ya pili mzee hakwenda, na ya tatu hakwenda. Kikohozi kilichokuwa kimeanza kupungua kikapata nafasi. Usiku na mchana Yotamu alikisikia, na kila mara alijua kimetoka wapi.

Habari, unajua zinavyokwenda. Kijiji kizima kilijua mtoto wa Filemoni ana sanduku tayari nyuma ya nyumba, lakini si wote waliojua habari za ufito, kwa hiyo kila mmoja alijiuliza lake. Wakaanza kupita. Kwanza alikuja mzee mmoja kuomba moto wa kiko, akachungulia. Kisha Jailos, balozi, akasema anakuja kuandikisha watu wa kazi za kijiji. Alipomaliza hakuondoka. Alizunguka nyuma, akasimama kando ya sanduku, akajivuta ubavuni mwake kidogo kidogo, akijifanya anatazama mawingu. Alikuwa anajipima, maskini, kwa macho, kutoka kwenye kofia hadi kwenye makubazi.

"Ulimpima nani?" aliuliza mwisho.

"Sikumpima mtu, ndugu balozi. Nilikisia."

"Sanduku halikisiwi. Mimi ni mkubwa wako, niambie tu. Nina watoto sita."

"Si wewe, mzee. Naapa."

"Ahaa," Jailos alisema. "Kumbe unamjua ambaye ni yeye."

*

Kisha watu wakaanza kuleta kuni.

Sikiliza, kuni hazipelekwi kwa mgonjwa. Mgonjwa hupelekewa yai au uji wa ulezi. Kuni ni za msiba, za kuwapikia waombolezaji. Mama wa kwanza aliutua mzigo wake karibu na ukuta, akasalimia "Kamwene, nimepita tu," akaondoka bila kumtazama Lea machoni. Wa pili akaja. Wa tatu akaleta na debe la unga, ule wa njano wa msaada, unga ambao mwezi mzima Lea alikuwa ameuomba kwa jirani huyo huyo akaambiwa umekwisha.

"Mnaniletea kuni za nini?" Lea aliwafokea. "Mume wangu anakula! Anaongea! Njooni mumwone!"

Wakaja kumwona, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Walikaa kando ya kitanda, wakamkumbusha mzee Filemoni mambo ya ujana wake, wakamshukuru kwa wema wake wa zamani, wakamwomba msamaha kwa ng'ombe aliyewahi kula mahindi yake. Na yeye alisamehe. Alimsamehe kila mtu, kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Danieli alikuja na suti yake, akasoma zaburi, akatoka nje akamshika Yotamu bega.

"Kazi nzuri, kijana. Pembe zimekaa vizuri. Laiti ungeifanya wiki moja mapema kwa ajili ya mke wangu." Akashusha sauti. "Lakini kwa yule ungekuwa umepima maiti."

"Nikuuzie wewe, mzee. Nikupe bure."

Danieli alirudi nyuma hatua nzima. Mzee wa kanisa, msoma zaburi! "Mimi sihitaji," alisema haraka. "Mungu apishe mbali."

Akafika pia dada yake Filemoni, shangazi Evarista, kutoka Idodi alikoolewa kwa Wakatoliki. Alikuwa ameambiwa barabarani, na kila aliyemsimulia alikuwa ameongeza kidogo. Alianzia kulia kwenye njia panda. Alipofika uani kitenge kilikuwa kimemwanguka na sauti imekauka, akamkuta kaka yake ameketi kitandani anakunywa maji.

"Kumbe bado?" alisema.

Lea angeweza kumpiga. Yotamu alimwona mama yake akikunja ngumi ndani ya khanga, kisha akaikunjua, akaenda kumpikia wifi yake ugali.

*

Yotamu aliamua kuliondoa. Sanduku likinunuliwa na mtu wa mbali likapelekwa mbali, alijiambia, basi biashara imekwisha na baba ataamka. Akalifunga kwenye mkokoteni, akalifunika turubai, akalisukuma hadi barabara kuu mahali akina mama wanapouzia nyanya. Njia nzima watu walifunga magunia yao ya mlangoni alipopita.

Malori ya Zambia yalikuwa yakipanda mlima yakinguruma. Dereva wa kwanza alipunguza mwendo, akatoa kichwa akitafuta nyanya, akaona sanduku upepo ulipolifunua. Aliingiza gia kwa nguvu hadi gari likalia, akaondoka. Wa pili hakusimama. Basi la abiria lilipofika akina mama walikimbilia madirishani na makopo yao kama kawaida, na abiria wakafunga vioo.

"We mtoto!" Mama mmoja mnene, ambaye mikono yake ilikuwa myekundu kwa juisi ya nyanya, alimjia na kopo. "Unauza nini hapa?"

"Sanduku, mama."

"Watu wako safarini, wewe unawaonyesha hilo! Nani atakula nyanya hapo? Toa! Toa mkosi wako barabarani, mwanaharamu mkubwa!"

"Mama, naomba nisimame kidogo tu. Baba yangu..."

Nyanya bovu ilimpata shavuni. Kisha ya pili, kisha akina mama wote. Kijana wa sekondari, shati jeupe la shule, alirudi akisukuma mkokoteni wake mlimani huku nyanya zikimtiririka mgongoni, na watoto wakimfuata kwa mbali bila kucheka. Kama wangecheka ingekuwa nafuu.

Alimkuta mama yake uani na shoka.

"Lete hapa," Lea alisema. "Nalipasua, napikia."

"Lea!" Sauti ilitoka ndani, na kikohozi kirefu kikaifuata. Walingoja mpaka kikapita. "Lea, usiguse. Kipimo changu kimo humo. Ukilipasua unanipasua mimi. Liacheni kama lilivyo."

Shoka likashuka lenyewe mikononi mwake. Shangazi Evarista alikuwa ameketi kivulini, rozari vidoleni. Safari hii hakulia. Alizungumza polepole, kama mtu anayekumbuka.

"Ufito una mwenyewe," alisema. "Ndivyo wazee walivyotuambia. Akionekana mwenyewe ni mwingine, huyu wa kwanza anaachiliwa. Lakini nani atakubali kusema ni mimi?"

Ndani, mzee aliita apewe kopo la kutemea. Lea alilipeleka, na alipotoka nalo Yotamu aliona damu, kidogo tu, uzi mmoja mwekundu. Mama yake alilifunika upesi kwa kiganja. Lakini Yotamu alikwisha kuona.

*

Kesho yake, saa za watu kuja kumwona mgonjwa, chumba kikiwa kimejaa, Jailos na kofia yake, Danieli na zaburi yake, Yotamu aliingia akasimama miguuni pa kitanda.

"Baba, kuna jambo nimekuficha."

"Sema."

"Ule ufito uliouona si wako. Wako niliuchoma siku ile ile nilipomaliza mlango. Ule mwingine nilikata mpya. Nilijipima mwenyewe."

Shangazi Evarista aliacha kuhesabu rozari.

"Uongo," Lea alisema mlangoni. "Yotamu, nyamaza."

"Si uongo, mama. Nilikuwa peke yangu, ningempima nani? Nikajipima mimi. Niliogopa kusema."

Mzee Filemoni alijiinua kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, lakini yalimkaa mwanawe usoni hayakutoka.

"Ingia sandukuni tuone," alisema.

Wakalileta, Jailos upande mmoja na Danieli upande wa pili, wakalitua sakafuni mbele ya kitanda. Yotamu alitegemea litamzidi. Alijua yeye ni mfupi kuliko baba yake, maana mwaka uliopita alikuwa mfupi, na alikuwa na maneno tayari, kwamba aliongeza urefu kidogo kwa ajili ya mto wa kichwani. Alivua viatu. Akaingia, akalala chali, akanyoosha miguu.

Nyayo zikagusa ubao. Utosi ukagusa ubao.

Alikuwa amekua. Mwaka mzima wa ugali wa bwenini ulikuwa umemrefusha, na hakuna aliyekuwa amemwangalia, maana wote walikuwa wakimwangalia mgonjwa. Alilala pale, akatazama nyasi za paa, akanusa paini, na hofu ikamshika kutoka miguuni. Alitaka kusema baba, nimedanganya. Kweli nimedanganya. Mdomo ulikataa.

"Ee Mungu wangu," Jailos alisema, akavua kofia.

"Toka!" Lea alipiga kelele. "Toka humo! Yotamu, toka!" Alimvuta shati hadi likachanika, akamkumbatia sakafuni kana kwamba ni mtoto wa kunyonya, na yeye ni kijana mwenye ndevu zinazoanza.

Mzee Filemoni alikuwa bado amejiinua kwa kiwiko. Kifua chake kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, na watu waliokuwa karibu walisikia akivuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta wiki nzima.

"Lea," alisema. "Uji upo?"

*

Asubuhi mzee alikuwa amevaa koti. Waliondoka wawili, yeye na Yotamu, kwa njia ya juu ili wasipite mbele za watu. Lea hakuwaaga. Alikuwa ameketi mbele ya chumba cha stoo walimolitia sanduku, na tangu jana alikuwa akimwangalia mwanawe namna ambayo jirani walikuwa wakimwangalia mumewe.

Yotamu alitembea nyuma. Alikuwa amejikwaa mara mbili, na kila alipojikwaa moyo ulimruka. Gari lilinguruma chini barabarani, akasimama akasubiri lipite, ingawa lilikuwa mbali sana. Hakuwa amelala. Alijiambia yeye ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, amesoma baiolojia, na kwamba mbao ni mbao. Alijiambia hivyo njia nzima, na bado aliogopa.

Walipofika kwenye miti ya mikaratusi mzee alisimama kupumua.

"Ulidanganya," alisema.

Yotamu akachuma jani la mkaratusi.

"Ufito niliujua. Kisu chako kina pengo, kikikata alama kinaacha mikato miwili. Ni ule ule wa mlango. Nilijua hata kabla hujaingia mle ndani."

"Basi kwa nini uliamka, baba?"

Mzee Filemoni alitazama pembeni. Alipojibu alikuwa akisema na miti.

"Kwa sababu ulipojitaja wewe, nilifurahi. Nilimwona mwanangu amelala mle, amejaa, hakuna nafasi, na moyo wangu ukasema, afadhali. Afadhali! Nikaomba uji. Mama yako analia, mimi naomba uji, na uji nikauona mtamu. Usiku kucha nimelala nikijiuliza, huyu ni baba wa namna gani?"

"Ndivyo nilivyotaka, baba. Nilitaka uamke."

"Najua. Wewe ulifanya la kwako. La kwangu sikulifanya." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Twende."

Zahanati ilikuwa na watu kwenye benchi la nje, wengine kutoka kijijini kwao. Waliwaona wakija, wakasogea kando, na safari hii hawakumpisha mzee, walimpisha Yotamu. Mama mmoja alimvuta mtoto wake mapajani. Yotamu aliona, akashusha macho, akatia mikono mifukoni, akaingia ndani nyuma ya baba yake.

Dresa alikuwa amewapa mgongo, akitoa sindano kwenye maji ya moto kwa koleo. Hakugeuka.

"Mgonjwa nani?" aliuliza.

Yotamu alifungua mdomo. Kwa kitambo kidogo ilimjia kabisa kwamba jibu ni yeye, na mguu wake ulikuwa umekwisha kusogea mbele.

Mkono wa baba yake ukamzuia kifuani.

"Mimi," mzee Filemoni alisema, kwa sauti iliyofika hadi nje kwenye benchi. "Mimi ndiye mgonjwa. Mimi ndiye niliyepimwa. Huyu ni mtoto wangu, hana lolote." Akaanza kufungua mkanda.